Marufuku Kuugua Bustanini

Niseme wazi kabla hamjaanza kunikodolea macho: mimi sina ugomvi na serikali, na serikali haina ugomvi na mimi, isipokuwa zile mara mbili iliponipiga kwa bahati mbaya ikanionya nisirudie. Nchi yetu ni nzuri. Jina lake mnalijua, msinichokoze.

Naitwa Mshindo Kitwana, balozi wa nyumba kumi wa Mtaa wa Tulizana. Kazi ya balozi ni kujua nani kalala wapi, nani kapika nini, na nani kakohoa saa ngapi. Hilo la kukohoa liliongezwa baada ya Mlezi Mkuu wa Siha, kiongozi wetu wa milele, kutangaza redioni kwamba ugonjwa umefutwa. Hakusema utapunguzwa. Umefutwa, kuanzia Alhamisi saa sita mchana. Ilipofika saa sita na robo, matingatinga yalikuwa yameshailaza chini hospitali kuu, na wagonjwa waliochelewa kutoka walipona humo humo chini ya kifusi. Tangu siku hiyo hajasikika hata mmoja wao akilalamika.

Madaktari wakapelekwa kuvunja mawe. Sasa mtu atapimwaje? Kwa salamu. Askari wa Siha anakujia, anakuuliza, "Habari za afya?" Unajibu, "Nzuri." Anaandika, mmemaliza, hakuna sindano wala foleni. Taabu ni sisi wenyewe. Si mnatujua tulivyo? Mtu wetu akiulizwa habari, hata kama nyumba inaungua nyuma yake, kwanza atasema nzuri, atapumua, kisha ndipo alete ila yake. Nzuri, ila mguu umevimba. Nzuri, ila jana tumezika. Basi sheria ikakata shauri: ukisema nzuri umetoa ushahidi, ukiongeza ila umeugeuka ushahidi wako mwenyewe, na anayeigeuka serikali dawa yake ni rungu.

Mwezi wa kwanza mtaa wangu ulipoteza meno arobaini na mawili. Jirani yangu wa ukuta mmoja, Mzee Pandu, alipoteza sita peke yake, maana kila akipigwa aliulizwa tena habari, naye kwa adabu zake akajibu, "Nzuri, ila meno." Mtu mzima hovyo! Nilimwambia, "Mzee Pandu, funga mdomo ukishasema nzuri." Akanijibu, "Balozi, mtu akikuuliza hali, utamwachia nusu?"

*

Pale ilipokuwa hospitali kuu ndipo ilipojengwa Bustani ya Furaha ya Taifa. Ina gurudumu refu kuliko minara yote ya nchi, ina farasi wa mbao wanaozunguka, na ina Treni ya Ushujaa, inayopanda juu, ikajipindua na kurudi chini kwa kasi ya mwizi anayefukuzwa. Kila familia ni lazima iende huko likizo, itake isitake. Anayekataa kufurahi anafurahishwa nyumbani kwake, na mtaani kwetu tuliwahi kumsikia mmoja akifurahishwa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mke wake aliokota miwani yake vipande vinane.

Zamu ya mtaa wetu ilipofika, akaletwa Afande Ngwilizi, mkuu wa Kikosi cha Siha, atutayarishe miili kwa muda wa mwezi mmoja. Ni mtu wa miraba minne, na shati lake la kazi lilishonwa kwa mashati mawili. Alipanda juu ya pipa, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Furaha inataka mwili! Mwili unataka nidhamu! Maji mtakunywa, mikono mtanawa, usingizi mtalala, na yeyote atakayekataa kupumzika, sisi tupo kwa ajili ya kumpumzisha!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Asiyepiga alipigwa.

Maji ilikuwa lita kumi kwa siku kwa kila kichwa. Bwana mmoja wa nyumba ya tatu alisema ameshiba. Wakamtia mdomoni mpira wa kumwagilia maua, wakafungulia bomba. Alifura hadi vifungo vya shati vikaruka, kimoja kikampofua mbuzi wa watu. Mbuzi akashtakiwa kwa kusimama karibu na zoezi la serikali. Mikono tuliisugua kwa msasa, ule wa maseremala, mpaka ngozi ya vidole ikatoka yote. Halafu tukaambiwa tuweke dole gumba kwenye daftari la mahudhurio. Vidole havikuacha alama, isipokuwa damu, na damu haikukubalika kuwa wino. Mtaa mzima ukacharazwa viboko kwa utoro, na sote tulikuwepo.

Usingizi nao ulikuwa saa nane kamili mchana. Askari walipita nyumba kwa nyumba. Aliyelala walimwacha, aliye macho walimlaza kwa rungu moja la kisogoni. Mzee Pandu alilala siku tatu, akaamka anamwita mkewe kwa jina la marehemu mama yake. Afande alifurahi sana. Alisema huo ndio usingizi mnono.

Mimi mwenyewe nilikabidhiwa rungu. Sitaki kujisifu, lakini kazi niliifanya. Nilimpiga shemeji yangu kwa kupiga chafya. Nilimpiga muuza mihogo kwa kumwambia shemeji yangu pole, kwa sababu kumpa mtu pole ni kumsingizia maradhi. Nilimpiga na mtu mwingine ambaye kosa lake sikumbuki, ila alistahili, uso wake ulionyesha. Mwisho wa mwezi, katika mitaa yote ya wilaya, nyumba zangu kumi ndizo zilizotoka na wagonjwa sufuri. Ikatangazwa kwamba familia ya Balozi Mshindo ndiyo Familia ya Siha, na kwamba siku ya likizo tutapanda jukwaani kushikana mkono na Mlezi Mkuu mwenyewe. Mimi! Nilikuwa nikipita barabarani natembea katikati.

*

Sasa nije kwenye jambo lililokuwa likininyima raha. Tuna mtoto mmoja, Kidawa, wa miaka saba. Kidawa ana pumu. Haya, nimesema. Ana pumu tangu yuko mgongoni, na ikimshika kifua kinalia kama filimbi iliyoingia maji, midomo inabadilika rangi, macho yanatutafuta. Nyumbani kwangu neno hilo halikutamkwa. Tulisema "Kidawa anacheza". Kwa nchi nzima yeye alikuwa mzima, na katika wale wagonjwa sufuri, sufuri moja ilikuwa yake.

Mke wangu Zawena alikuwa na dawa ya kuvuta, kile kichupa cha kubonyeza mdomoni. Alikipata ng'ambo ya mpaka, na namna alivyokipata sikumuuliza. Kifuniko kilipasuka, akakifunga kwa uzi mwekundu wa kushonea. Kuwa na dawa katika nchi yetu ni kukiri ugonjwa, na mgonjwa akigunduliwa anapelekwa Chumba cha Mapumziko, ndani kabisa ya bustani, ambako hakuna aliyewahi kurudi kulalamikia huduma.

Asubuhi ya safari nilimkuta Zawena jikoni akikifukia kichupa chini ya chapati, ndani ya hotipoti.

"Zawena, wewe mwanamke una wazimu? Getini kuna ukaguzi."

"Ukaguzi wa salamu, baba Kidawa. Watauliza habari, tutasema nzuri, tutapita."

"Na wakifungua hotipoti?"

"Wakifungua, wale chapati."

"Mimi leo nakwenda kushikana mkono na Mlezi Mkuu!"

"Nenda ukamshike," akasema, huku akifunika. "Mimi nakwenda na mwanangu anayepumua."

Nikaenda kuvaa suti. Mke akisema kwa sauti ile, mume mwenye akili huvaa nguo. Lakini njia nzima niliitazama ile hotipoti, na jasho lilinitoka mpaka suti ikanuka.

Getini paliwekwa pipa jekundu lililoandikwa TOBA. Aliyetumbukiza dawa yake humo kabla hajaulizwa alisamehewa na kupewa puto. Nikajisemea: Mshindo, wewe ni baba. Wakiikuta, watamchukua mtoto. Wasipoikuta, mtoto ni mzima. Ukiangalia kiserikali, hoja hiyo haina tundu. Zawena alipoinama kumfunga Kidawa kamba za viatu, mimi nikaingiza mkono chini ya chapati, nikakitoa, nikakitumbukiza. Kikalia ti! Askari akanipa puto la kijani. Nikamkabidhi Kidawa, akanishukuru, akanibusu mkono.

Mbele yetu kwenye foleni alikuwa Mzee Pandu.

"Habari za afya?" akaulizwa.

"Nzuri."

Akanyamaza. Wallahi, mtaa wote ulishusha pumzi. Akaandikwa, akapita, akapiga hatua kumi ndani ya bustani. Halafu nikaona mgongo wake umesita. Akageuka, akarudi hadi mezani, akiwa na haya usoni. "Nisamehe mwanangu," akamwambia askari, "ila wewe mwenyewe sijakuuliza hali."

Walimpiga mpaka kofia yake ikaingia masikioni. Watatu kwa marungu, wa nne kwa meza yenyewe. Alipoacha kujikinga wakamshika miguu wakamburura kwenda Chumba cha Mapumziko, na kiatu chake kimoja kikabaki kati ya njia. Watoto waliokuwa nyuma walikiruka mmoja mmoja.

Zamu yetu. "Habari za afya?" "Nzuri." "Piteni." Hotipoti hakuna aliyeitazama, hata kwa jicho la njaa.

*

Bustani ilikuwa ya kupendeza. Miavuli ilikuwa marufuku, kwa kuwa jua letu halina madhara, na waliozimia kwa jua walipigwa kwa kulala kabla ya saa nane. Kwenye Treni ya Ushujaa mikanda ilikatwa yote, kwa sababu mtu anayejifunga mkanda anaonyesha haiamini serikali. Familia iliyotutangulia ilipanda watu sita, ikashuka watu wanne. Spika ikatangaza kwa furaha kwamba wawili wameongezewa likizo. Mmoja wao alikuwa juu ya paa la kibanda cha bisi, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule.

Familia ya Siha ilitakiwa ipande treni mara tatu bila kupumzika, ili Mlezi Mkuu aone mapafu ya wananchi wake. Zawena alimkumbatia Kidawa, mimi nikamkumbatia Zawena, na kila tulipopinduliwa nilisikia mifupa yangu ikijadiliana. Mara ya tatu treni ilipita ndani ya wingu la vumbi la kifusi, maana sehemu ile hawakumaliza kusomba. Tuliposhuka, Kidawa hakuwa akilia. Kifua chake ndicho kilichokuwa kikilia.

"Kaza mwendo, jukwaani!" akafoka Afande Ngwilizi.

Tukapandishwa. Mlezi Mkuu alikuwa pale, ameshika kipaza sauti, amevaa nguo nyeupe, kofia ya uongozi na medali hadi magotini. Zawena alichuchumaa nyuma ya kiti, akafungua hotipoti, akapekua. Akazimwaga chapati zote chini.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Baba Kidawa. Iko wapi?"

"Tabasamu," nikamnong'oneza, "wanatutazama."

Alinizaba kofi ambalo mpaka leo nikipiga miayo taya linanikumbusha. Umati ulidhani ni sehemu ya burudani, ukashangilia. Mtoto alikuwa amenishika suruali, midomo imekuwa ya zambarau. Puto lilimtoka, likaenda zake.

Na Mlezi Mkuu anahutubia. "Ndugu wananchi! Mimi mwenyewe ni ushahidi! Miaka thelathini sijapiga hata chafya! Kifua changu ni... kifua changu..." Hapo akageuka upande wetu, akafunika uso kwa kitambaa cha hariri. Tukasikia fyuu. Kisha fyuu nyingine. Kitambaa kikateleza kidogo. Chini ya kitambaa kulikuwa na kichupa kilichofungwa uzi mwekundu.

Kumbe ndiko dawa za pipa la toba zilikokuwa zikiendea. Na mimi, mjinga wa mwisho, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni fahari: dawa ya nyumbani kwangu imefika Ikulu.

Zawena alikitazama kile kichupa. Kisha akanitazama mimi, na nikajua amejua. Alimgeukia Afande Ngwilizi, akalichomoa rungu kiunoni mwake kama mtu anayechomoa mwiko sufuriani, akampiga nalo begani. Mfupa ulilia hadi kwenye kipaza sauti. Afande akapiga magoti. Askari wawili wakamrukia. Mmoja akala rungu la pua, damu ikaruka kwenye medali za watu, mwingine akapigwa teke la mahali ambapo nisingependa kupataja, akaviringika ngazi zote kumi na mbili. Umati ulikuwa ukishangilia kwa miguu. Zawena akalitupa rungu, akamshika Mlezi Mkuu kifundo cha mkono, akakiuma. Alikiuma kweli kweli, mpaka vidole vikafunguka. Akakichukua kichupa, akakitia mdomoni mwa Kidawa, akabonyeza.

"Vuta, mama. Vuta tena."

Kidawa akavuta. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa sauti bila kujijua.

Afande aliinuka, bega moja likining'inia, mkono wa pili umeshika bastola, na bastola imemwelekea Zawena. "Mwanamke! Umempokonya Mheshimiwa dawa yake!"

"Dawa?" Zawena akasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi. "Kwani Mheshimiwa anaumwa?"

Makofi yakakatika. Hata gurudumu lilisimama. Afande akisema ndiyo, kamtangaza kiongozi wa milele kuwa mgonjwa, na mgonjwa anakopelekwa kunajulikana. Akisema hapana, hakuna dawa iliyoibwa. Mlezi Mkuu naye alikuwa ameegemea kiti, kifua kinalia ile filimbi niliyoizoea nyumbani, mkono ameunyoosha kuelekea kichupa.

Afande akafanya lile linalofanywa na askari yeyote aliyekwama. Akafuata sheria. Akarudisha bastola, akaokota rungu, akapiga saluti nalo kwa mkono uliobaki.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Ma... rahaba."

"Habari za afya?"

"Nzuri," akasema Mlezi Mkuu. Mazoea, ndugu zangu! Angeweza kusema kitu kingine chochote duniani. Akapumua kwa taabu, akainua kidole, mdomo ukajikusanya kuileta ile ila yake. Afande, kwa mazoea pia, akainua rungu. Mlezi Mkuu akalitazama rungu. Akaumeza ulimi.

"Balozi!" Afande akanigeukia. "Shahidi lazima awepo. Umesikia amesemaje?"

Nililetewa kipaza sauti. Mlezi Mkuu alinitazama, machozi yanamtoka, ananisihi kwa macho. Yale macho ya kutafuta mtu nilikuwa nayajua. Moyo ulinituma nimwonee huruma. Lakini kichupa kilikuwa kimoja, na kifua cha mwanangu bado kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida.

"Nimesikia, Afande," nikasema. "Amesema nzuri. Mheshimiwa hajambo kabisa. Hajawahi kuugua."

Wananchi wakashangilia kwa nguvu. Mlezi Mkuu akaanguka katikati ya chapati, akapiga visigino mbao za jukwaa, kwanza haraka, baadaye polepole, na watu walipiga makofi kwa kufuata mdundo wake mpaka alipoacha. Afande akatazama saa. "Saa nane kasoro tano," akatangaza. "Mheshimiwa amewahi kulala." Jioni ile ile kofia ya Mlezi Mkuu ikawa juu ya kichwa cha Afande Ngwilizi. Zawena hakushtakiwa, kwa sababu nilipomuuliza kiongozi wetu mpya nani kamvunja bega, alinikazia macho akaniuliza, "Nani kavunjika?" Na mimi nikavalishwa medali.

Tulitoka bustanini kwa miguu. Kidawa alikuwa katikati, mkono mmoja kwa mama yake, mwingine kwangu, amechoka lakini anapumua vizuri. Zawena alikishika kile kichupa hadharani, na hapakuwa na askari aliyethubutu kukiona.

"Baba," Kidawa akasema, "dawa yangu nani aliichukua?"

"Serikali, mwanangu," nikamjibu upesi.

"Serikali ni nani?"

Mimi niliyetoa ushahidi mbele ya taifa zima nikaanza kuifuta medali yangu. Zawena hakugeuza hata shingo.

"Ni huyo uliyemshika mkono," akasema.

Kidawa alinitazama. Aliuchomoa mkono wake mkononi mwangu, akazunguka kwenda upande wa pili wa mama yake, wakaendelea na safari.